Hugh Tracey, mzee aliyesaka kamera za muziki wa Afrika

Kama umewahi kuamkia Gikomba siku robota linafunguliwa, unajua mchezo. Kamba ikikatwa tu, mikono inapigania kamera, zile nguo safi za kwanza. Zinazobaki zinashuka bei, na jioni zinaitwa fagia. Sasa fikiria mtu aliyezunguka Afrika nusu ya maisha yake akifanya vivyo hivyo na nyimbo. Huyo ni Hugh Tracey, na wasomi wa muziki wa bara hili wakikutana, ni vigumu jina lake likose kutajwa.

Alizaliwa 1903 huko Devon, Uingereza, katika familia ya watoto 11. Baba yake alikuwa daktari, akafariki mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Hugh alivuka hadi Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, kumsaidia kaka yake kwenye shamba la tumbaku. Vijana wa Kikaranga aliolima nao waliimba kutwa, naye akajifunza lugha na nyimbo zao hapo hapo shambani. Enzi hizo Wazungu wengi waliona Mwafrika hana muziki, ana kelele tu. Mwaka wa 1929 Tracey aliwachukua vijana 14 hadi Johannesburg, wakarekodiwe na kampuni ya Columbia.

Digrii ya muziki hakuwa nayo. Alikuwa na masikio na kichwa kigumu. Akafanya kazi ya redio Durban, na mwaka wa 1948 akachapisha kitabu kuhusu Wachopi wa Msumbiji na timbila zao, marimba zinazopigwa na kundi zima. Humo aliwataja watunzi kwa majina, kama vile Ulaya inavyowataja akina Beethoven. Kwa wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini kilichomtofautisha ni vyuma. Alitembea na seti ya vyuma vidogo vyenye umbo la uma, kila kimoja kikilia sauti yake, kimoja kikipishana na kingine kwa mitetemo minne tu kwa sekunde. Akifika kijijini, anagonga chuma, anasikiliza marimba, anagonga kingine, hadi apate kinacholingana na kila ubao. Kisha anaandika nambari. Ndivyo alivyoonyesha kwamba marimba iliyosemekana kukosa tyuni ilikuwa na tyuni yake kamili, ila si ile ya piano. Kwingine noti tano, kwingine saba, na nafasi kati yake hazifanani na do-re-mi uliyofundishwa shuleni. Hebu sikiliza mafundi wa mabati wa Kamukunji wakigonga, kisha ujaribu kuziandika hizo sauti kwa noti za piano. Utaelewa kazi aliyokuwa nayo.

Ajabu ni kwamba kalimba aliyoanza kutengeneza na kuuza miaka ya 1950, ile inayobeba jina lake hadi leo, aliipa tyuni ya Kizungu. Biashara ni biashara, ama vipi?

Kenya alikuja pia. Mwaka wa 1950 alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis. Jenereta ya mashine yake ilikuwa na kelele, hivyo gari liliegeshwa mbali na waya mrefu ukavutwa hadi kwa waimbaji. Wasichana wakamwimbia wimbo kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swara. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyekuwa amekufa tangu 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko na gramafoni. Yaani msee wa Mississippi amegeuzwa swara wa Kericho! Wimbo huo ukawa mmoja wa rekodi zake maarufu zaidi duniani.

Wasichana wale walipata nini? Hapo ndipo ugomvi ulipo. Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka wa 1954, ikatoa santuri 210. Bila yeye, nyingi ya sauti hizo zingepotea, hilo tusimnyime. Lakini ni yeye aliyeamua ipi kamera na ipi fagia. Alipenda muziki wa kijijini aliouona safi, akaulilia kwamba mji unauharibu. Gita alilirekodi, mfano ni Mwenda Jean Bosco kule Katanga mwaka wa 1952, ila moyo wake ulikuwa mashambani. Angepita mitaa ya Eastlands ya leo na genge na gengetone yake, sidhani angeshuka kwenye gari.

Alifariki 1977. Mwanawe Andrew aliihamishia maktaba Chuo Kikuu cha Rhodes, na mwaka wa 1980 akaanzisha kongamano la wasomi wa muziki wa kusini mwa Afrika, likawa la kila mwaka. Humo watu walibishana kuhusu noti na midundo, na nambari za mzee zikapimwa upya. Swali la nani mwenye nyimbo nalo likakua. Zaidi ya miaka 60 baada ya siku ile ya Kapkatet, maktaba hiyo pamoja na mradi wa Singing Wells na Ketebul Music ya hapa Nairobi walifunga safari hadi kwa Wakipsigis, wakawakabidhi wazee wa huko nakala za rekodi zao.