Tippu Tip na Mizigo ya Wenziwe

Wasomaji wengi wanaijua methali ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi huikumbuka kila nisomapo habari za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip kwa mlio wa bunduki zake.

Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake alikaa huku Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti Mtemi Fundikira. Basi kijana alipofika Tabora hakuwa mgeni. Baadaye alivuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, akapata pembe za ndovu na watumwa wengi. Mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls.

Lakini pembe hazina miguu. Toka Tabora hadi Bagamoyo ni kama kilometa 800, mwendo wa miezi mitatu hivi, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua begani kilo 30 au zaidi, mbali na mkeka na chungu chao. (Sisi tuchukuao masanduku toka stesheni mpaka bwenini twajua bega linavyouma, na safari yetu ni ya asubuhi moja tu!) Wapagazi wa Uzaramo walipomtoroka, aliwakamata watu wa vijiji vyao akawatia minyororo. Habari hiyo ameiandika mwenyewe kwa Kiswahili, katika kitabu cha maisha yake, wala haoni haya.

Alifariki Unguja tarehe 14 Juni, 1905. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mizigo ikaanza kushuka mabegani.