William Marshall: Mwigizaji Aliyekataa Jina la Kupachikwa

William Marshall alizaliwa tarehe 19 Agosti 1924 mjini Gary, jimbo la Indiana, nchini Marekani. Alikuwa mwigizaji Mmarekani Mweusi, mrefu wa kimo na mwenye sauti nzito iliyojaza ukumbi. Ingawa aliigiza Othello jukwaani mara kadhaa na kusifiwa kwayo, umma unamkumbuka zaidi kwa mnyonya damu wa filamu ya Blacula ya mwaka 1972.

Ili kuupima uzito wa kazi hiyo, ni sharti tuzitazame filamu za kutisha zilizomtangulia. Matukio yake hutendeka aghalabu katika majumba ya mawe, makaburini na gizani. Mkazi wa Njoro aliyewahi kuitazama ngome ya Lord Egerton jioni hahitaji kuelezwa zaidi. Ngome huwa na bwana wake, naye katika filamu hizo ni Mzungu mwenye jina na ukoo. Mtu Mweusi akionekana, huwa mtumishi. Katika The Mummy (1932), kwa mfano, Noble Johnson aliigiza mtumwa Mnubi ambaye hakupewa jina lolote.

Marshall aliukaribia ulimwengu huo mapema. Mwaka 1950, katika mchezo wa Peter Pan jijini New York, alikuwa mwigizaji wa akiba wa Boris Karloff, yule aliyevuma kwa kuigiza zimwi la Frankenstein. Mnamo 1957 alishiriki katika Something of Value, filamu kuhusu vita vya Mau Mau ambayo sehemu yake ilipigwa nchini Kenya. Sidney Poitier aliigiza Kimani. Marshall aliigiza kiongozi wa Kiafrika, lakini kiongozi huyo hakuwa na jina. Kasoro hiyo si ngeni Nakuru. Katika mashamba ya walowezi ya Molo, Njoro na Subukia, mzee mwenye wajukuu aliitwa boi, na kwa miaka mingi alitakiwa kutembea na kipande shingoni.

Fursa ya kusahihisha kasoro hiyo ilimjia mwaka 1972. Katika mswada wa kwanza wa Blacula, mhusika mkuu aliitwa Andrew Brown, jina la mchekeshaji katika kipindi maarufu kilichowadhihaki Weusi. Marshall alilikataa. Alisisitiza kwamba mhusika awe mwana wa mfalme kutoka Afrika, Mamuwalde, anayesafiri Ulaya mwaka 1780 kumwomba Dracula asaidie kukomesha biashara ya utumwa. Dracula anamdhihaki, anamng'ata, anampachika jina la Blacula na kumfungia jenezani. Hivyo laana ya mnyonya damu ikawa sitiari ya utumwa: Mwafrika ananyang'anywa uhuru, mke na jina, kisha anafanywa kuwa kitisho na yule yule aliyemdhulumu. Aidha, mwongozaji wa filamu, William Crain, alikuwa Mweusi.

Ushindi huo haukuwa kamili. Anwani ya filamu ilibakia ile ya mzaha, nao wapenzi wawili wa kiume wanaolinunua jeneza walichorwa kwa kejeli. Aliyetetewa heshima alikuwa mmoja. Wengine waliachwa wachekwe.

Marshall aliigiza tena Mamuwalde mwaka 1973, na mwaka 1974 akaigiza askofu msomi katika Abby, filamu inayomhusisha Eshu wa Wayoruba. Mwaka 1983 aliigiza katika televisheni maisha ya Frederick Douglass, mtu aliyetwaa jina jipya baada ya kutoroka utumwani mwaka 1838. Alifundisha pia uigizaji vyuoni. Aliaga dunia jijini Los Angeles tarehe 11 Juni 2003.

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Marshall aliingia katika giza la filamu za kutisha akamkuta Mwafrika amesimama mlangoni, hana jina. Alipotoka, Mwafrika huyo aliitwa Mamuwalde.