Benjamin Franklin na Siri ya Radi

Nchi ya Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, majani ya chai na mvua nyingi. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, ikapanda vilima hivyo na kufanya mawingu mazito. Kwa hiyo radi huko ni jambo la kila msimu, nayo imekwisha kuua watu wazima, wanafunzi na ng'ombe. Msiba ukishuka, wapo wasiouliza radi ni nini, bali huuliza imetumwa na nani. Swali hilo la pili ndilo liletalo msiba wa pili. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto huko Kisii kwa tuhuma ya uchawi. Na Oktoba 2021 wakauawa vikongwe wanne huko Marani. Hatusemi kuwa tuhuma zile zilikuwa za radi. Twasema mlango ni ule ule: kumtwisha mtu lawama ya jambo ambalo sababu yake haikutafutwa. Basi leo tumeona vema kueleza maisha ya mtu aliyeitafuta.

Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 17 Januari 1706. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17, na Benjamin alikuwa wa kumi na tano. Alipofika umri wa miaka kumi alitolewa skuli kwa uchache wa mali, na alipokuwa na miaka 12 akatiwa kwa kaka yake kujifunza kazi ya kupiga chapa. Hakuacha kusoma. Kila kitabu kilichopita mikononi mwake alikisoma, hata usiku. Mwaka 1723 alitoroka akaenda Philadelphia, na huko, baada ya taabu nyingi, akapata matbaa yake mwenyewe.

Mwaka 1727 aliwakusanya rafiki zake, wengi wao mafundi na wafanya kazi wadogo, wakafanya darsa la kila Ijumaa jioni. Kila mmoja huleta swali, na wote wakalijadili bila ya kugombana. Vitabu walivyokuwa navyo havikuwatosha. Kwa hiyo mwaka 1731 Franklin akaanzisha maktaba ya michango. Watu wasioweza kununua kitabu kimoja peke yao wakaweza kusoma vitabu mia. Katika maktaba hiyo ndimo ulimofika mrija mrefu wa kioo kutoka London, wa kufanyia majaribio ya umeme.

Mwaka 1748, alipokuwa na miaka 42, aliacha biashara ili apate wasaa wa elimu. Alisugua kioo, akatazama namna kivutavyo vitu vyepesi, kama vile chanuo la plastiki lililopitishwa katika nywele kavu linavyovuta vipande vya karatasi. Akatambua jambo kubwa: kusugua hakuumbi umeme wala hakuuangamizi, bali huuhamisha kutoka kitu kimoja hadi kingine. Palipozidi akapaita chanya, palipopungua akapaita hasi. Majina hayo ndiyo wanafunzi wetu wanayoyasoma hata leo.

Lakini hakuwa na njia ya kujua ni upande upi hasa uliozidi, naye alikisia kuwa ni kioo. Mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni, na ikadhihirika kuwa kisio lile lilikwenda kinyume. Maada yote, jiwe la Tabaka, jani la chai, chuma na mwili wa binadamu, imejengwa kwa atomu. Ndani ya atomu mna protoni zenye chaji chanya, nyutroni zisizo na chaji, na elektroni zenye chaji hasi zikizunguka nje. Zikiwa sawasawa, kitu hakionyeshi chaji yoyote. Kioo kilichosuguliwa kwa hariri hakikuzidishiwa kitu, kimepoteza elektroni. Majina yakabaki, na maana ikasahihishwa. Hivyo ndivyo elimu iendavyo, wala hapana aibu ndani yake.

Franklin akadhani kuwa radi nayo ni umeme ule ule, akaandika namna ya kulijaribu jambo hilo. Wafaransa walilijaribu huko Marly tarehe 10 Mei 1752, wakamkuta na haki. Mwaka huo huo yeye mwenyewe akarusha kishada chini ya wingu, akapata cheche kutoka ufunguo uliofungwa katika uzi. Mtu asiige: mwaka 1753 mwanachuoni Richmann aliuawa na radi huko St Petersburg katika jaribio la namna hiyo.

Leo twajua kuwa ndani ya wingu chembe za barafu hugongana, chaji hasi ikakusanyika chini na chanya juu. Tofauti ikizidi mno, hewa hushindwa kuizuia, na umeme ukashuka kwenye ardhi. Ngurumo ni hewa iliyochomwa ghafla ikatanuka.

Kutokana na hayo Franklin alitunga kingaradi: nondo ya chuma juu ya nyumba, iliyounganishwa na waya nene mpaka ndani ya ardhi, ili umeme upite hapo usipite kwa watu. Hakudai malipo ya ugunduzi huo, aliueleza hadharani. Hata hivyo mchungaji mmoja wa Boston alidai kuwa nondo hizo ndizo zilizoleta tetemeko la ardhi la mwaka 1755. Ujinga, basi, si mali ya kabila moja.

Wala Franklin hakuwa mtu asiye na kosa. Aliwamiliki watumwa, na gazeti lake lilitangaza biashara yao. Uzeeni aligeuka: mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, na mwaka 1790 akatia sahihi ombi kwa Bunge la kuukomesha. Alifariki Philadelphia tarehe 17 Aprili mwaka huo, mwenye umri wa miaka 84.

Ndugu zetu, kila skuli iliyo juu ya kilima yastahiki kingaradi. Paa la bati lisilounganishwa na ardhi halitoshi. Ngurumo ikisikika, watoto waondoke uwanjani na chini ya miti, waingie ndani. Na aliyepigwa na radi haubakizi umeme mwilini mwake: mshikeni mara moja, na akiwa hapumui msaidieni pumzi na kumbonyeza kifua, wala msimwache kwa khofu. Kisha mwacheni bibi kizee jirani akae salama nyumbani kwake.