Siti binti Saad: Sauti Iliyovuka Bahari

Jumamosi moja nilipita mtaa wa Rhonda, Nakuru, nikasikia redio ya muuza chai ikitoa taarabu: mwanamke anaimba, tena kwa Kiswahili. Hakuna aliyegeuza kichwa. Lakini zamani jambo hilo lilikuwa ajabu, na aliyelifungulia mlango ni marehemu Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Wazee wake walikuwa wa asili ya utumwa. Alifinyanga vyungu, akavipeleka mjini kwa miguu huku akivinadi. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfunza uimbaji. Kusoma hakujua, mashairi aliyahifadhi moyoni.

Taarabu siku zile ilikuwa starehe ya jumba la Sultani, kwa lugha ya Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeti Ambari, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban, wakaiimba Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakaiona yao. Wenye choyo walimsimanga kwa sura na kwa ukoo.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwapeleka Bombay kurekodi. Basi santuri haina sura wala haiulizi nasaba. Mnunuzi aliyekuwa mbali, asiyepata kumwona Siti hata siku moja, alipima sauti na maneno tu. Hadi mwaka 1931 santuri za kundi lile zilizouzwa zilihesabiwa kufika 72,000, na hali wenye gramafoni walikuwa wachache, mmoja hununua wakasikiliza jirani wote.

Wala hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wa Kijiti ulieleza habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliohukumiwa. Wanyonge waliokosa pa kusemea walisikia kilio chao kikizunguka katika sahani.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alikutana naye, kisha akamwandikia wasifu.

Alizaliwa Mtumwa, akafa Siti, yaani bibi wa heshima, na jina hilo alilipata kwa jasho la koo lake. Leo binti wa Kiswahili akishika kipaza sauti haulizwi ni wa nani. Deni hilo ni la Siti. Mwenyezi Mungu amrehemu, amin.