Maisha ya Daktari Alexander Haddow, Mchunguzi wa Mbu

Mara nyingi katika kurasa hizi tumesoma habari za wafalme na majemadari. Leo napenda kuwaletea habari za mtu aliyepigana na adui asiyeonekana kwa macho, na vita vyake alivipigana humu humu Afrika Mashariki.

Nilivutwa na habari zake kwa sababu moja. Mwaka 2007, kabla sijazaliwa, Homa ya Bonde la Ufa iliingia katika mikoa kadhaa ya Tanzania, na mkoa wetu wa Singida ulikuwa mmojawapo. Baba hunisimulia jinsi kondoo walivyotupa mimba zizini, na jinsi watu walivyoogopa hata kugusa nyama. Katika nchi nzima watu zaidi ya 300 waliugua, na karibu nusu yao wakafa. Nikajiuliza, mbu aliye mdogo hivi awezaje kuleta msiba mkubwa namna ile? Katika kutafuta jibu ndipo nilipokutana na jina la Daktari Haddow.

Alexander John Haddow alizaliwa Glasgow, Scotland, mwezi wa Desemba 1912. Katika Chuo Kikuu cha mji huo alisoma elimu ya wanyama, kisha akasoma udaktari. Basi akawa mtu wa elimu mbili, na zote mbili zilimfaa. Alipokuja Kenya alichunguza mbu waliokuwamo katika nyumba za wenyeji huko Kisumu. Mwaka 1942 alihamia Entebbe, Uganda, kwenye taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 ili kuchunguza homa ya manjano.

Siku zile lilikuwako fumbo. Homa ya manjano hujificha wapi wakati hakuna mtu anayeugua? Haddow na wenzake walilitafuta jibu katika nchi ya Bwamba, chini ya Milima ya Ruwenzori. Hawakutosheka na kukamata mbu walio chini tu. Walijenga majukwaa juu ya miti, moja juu ya jingine, na mbu wakakamatwa usiku na mchana, saa 24 bila kukoma. Hapo waliona kwamba kila aina ya mbu ina saa yake na kimo chake. Mbu mmoja huuma kima huko vileleni jua linapotua. Kima wale hushuka kuiba ndizi mashambani, na huko huumwa na mbu wa aina nyingine, anayezaliana katika maji yanayotuama kwenye makwapa ya migomba. Mbu huyo ndiye amwumaye mkulima. Hivyo ugonjwa ulitoka msituni ukaingia nyumbani, na fumbo likafumbuliwa.

Napenda tuwakumbuke pia wenyeji waliofanya kazi hiyo pamoja naye. Walikaa juu ya majukwaa katika giza, miguu wazi, wakingoja mbu atue ndipo wamkamate. Majina yao hayakupata sifa kama jina la Haddow, lakini bila miili yao elimu hii isingalipatikana.

Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kima mmoja aliyewekwa tunduni juu ya mti alishikwa na homa. Wachunguzi walidhani ni homa ya manjano, kumbe walikuwa wamepata virusi vipya kabisa. Mwaka uliofuata waliviona virusi hivyo hivyo ndani ya mbu wa msitu ule. Haddow pamoja na wenzake wawili, Dick na Kitchen, walitangaza habari hiyo mwaka 1952, na virusi vikapewa jina la msitu.

Mwaka 1953 Haddow alikuwa mkuu wa taasisi. Wakati huo huo maradhi mageni yalikuwa yameenea Newala, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakajikunja, nao Wamakonde wakayaita maradhi hayo chikungunya. Damu yao ilichunguzwa Entebbe, na virusi vikapatikana. Katika Newala maji yalikuwa ya shida, watu wakayahifadhi nyumbani katika mitungi, na mbu wakazaliana humo. Mwaka 1959 ukazuka ugonjwa mwingine wa viungo huko kaskazini mwa Uganda, uitwao o'nyong-nyong, ukafika Kenya na Tanganyika. Haddow alikuwa miongoni mwa walioueleza kwa mara ya kwanza. Huo huletwa na mbu wale wale waletao malaria.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mbu anapouma, huacha virusi ndani ya ngozi pamoja na mate yake. Kirusi hakiwezi kuzaa peke yake. Huingia katika seli ya mwili na kuilazimisha itengeneze virusi vingine. Kwa kawaida seli iliyovamiwa hupiga mbiu kwa dawa yake ya asili iitwayo intaferoni, na seli jirani zikisikia hujifungia milango. Lakini virusi ni wajanja. Kile cha Homa ya Bonde la Ufa huzuia mbiu isipigwe. Kile cha Zika humharibu mjumbe aliye ndani ya seli, hata mbiu ikilia amri haifiki. Mwili ukichelewa hivyo, virusi hujaa katika damu, na mbu mwingine akinywa damu ile huvichukua kwenda kwa mtu wa pili. Katika chikungunya, sehemu ya maumivu ya viungo hutokana na mapigano ya mwili wenyewe dhidi ya adui.

Hata hivyo mwili haushindwi upesi. Baada ya siku chache hutengeneza kingamwili, nazo hubaki katika damu kwa miaka mingi. Kwa kuzipima kingamwili hizo, wachunguzi wa Entebbe waliweza kujua ni kima gani na watu gani waliowahi kupatwa na homa ya manjano zamani.

Haddow alirudi Glasgow mwaka 1965, akafundisha katika Chuo Kikuu. Alikuwa pia mpenzi mkubwa wa zumari za mfuko za kwao. Alifariki mwezi wa Desemba 1978. Wakati huo virusi vya Zika vilihesabiwa kuwa jambo dogo. Lakini mwaka 2015 vilienea Brazil, na watoto wengi wakazaliwa na vichwa vidogo kwa kuwa mama zao waliambukizwa wakiwa waja wazito. Hapo madaktari wa dunia nzima walifungua tena maandishi ya mwaka 1952.

Wasomaji wenzangu, nimejifunza mambo mawili. Kwanza, elimu haina kidogo. Kazi iliyodharauliwa leo yaweza kuokoa watu baada ya miaka 60. Pili, Singida yetu ni nchi ya maji haba kama Newala, nasi twahifadhi maji katika mapipa na madumu. Basi na tuyafunike. Tena mtu akishikwa na homa, tusiseme papo hapo kwamba ni malaria na kumeza vidonge ovyo. Twende tukapimwe. Daktari Haddow alipanda juu ya mti ili aone kwa macho yake. Sisi tunatakiwa tu kufunika pipa na kwenda zahanati, nasi tutashindwa?