William Penn na Wazee Kumi na Wawili

Wanafunzi wetu wakitajiwa William Penn, huambiwa kwamba ndiye mwasisi wa Pennsylvania, na somo likaishia hapo. Mimi naona siku chache za Septemba 1670 zina uzito kuliko jimbo hilo lote.

Penn alizaliwa London mwaka 1644, mwana wa amiri wa jeshi la majini. Alifukuzwa Oxford kwa ukaidi wake katika mambo ya dini, na mwaka 1667 akajiunga na Waquaker, madhehebu ambayo wamisionari wake walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Zama zile sheria ya Uingereza ilikataza mikutano ya ibada nje ya kanisa la serikali. Agosti 14, 1670, Penn alipokuta askari wameifunga nyumba ya ibada, alihubiri papo hapo barabarani. Yeye na mwenzake William Mead wakatiwa mbaroni.

Kesi yao katika mahakama ya Old Bailey ilianza kwa kioja. Washtakiwa walikuwa wamevuliwa kofia. Mahakama ikaamuru wavikwe, kisha ikawatoza faini kwa kuzivaa! Penn alidai aonyeshwe sheria aliyoivunja. Badala ya kujibiwa, aliondolewa mbele ya baraza.

Juri ya raia 12 ikarejea na uamuzi kwamba Penn alizungumza barabarani, basi. Mahakimu wakaghadhabika. Waliwafungia wazee hao siku mbili usiku na mchana, bila chakula, maji wala moto, na kumtisha hasa Edward Bushell, aliyedhaniwa kuwa kiongozi wao. Hatimaye wakatamka kwamba washtakiwa hawana hatia. Kila mmoja akatozwa faini ya marki 40, wakapelekwa gereza la Newgate. Bushell na wenzake watatu walikataa kulipa, wakaomba mahakama ichunguze uhalali wa kifungo chao, na Jaji Mkuu John Vaughan akaamua kwamba juri haiwezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake.

Najua mwalimu makini atauliza: je, uhuru huo hautumiwi vibaya? Hutumiwa. Mississippi, mwaka 1955, juri ya wazungu watupu iliwaachilia wauaji wa kijana Emmett Till. Hapa Kenya wakoloni walijiwekea juri wao wenyewe. Mwafrika alipewa wazee wa baraza, ambao jaji aliweza kuyapuuza maoni yao. Utaratibu huo wa wazee ulifutwa mwaka 2007.

Mwaka 1681 Mfalme Charles II alimpa Penn ardhi ng'ambo ya bahari kufidia deni la marehemu babake. Katika sheria za koloni lake Penn aliandika kwamba kesi ziamuliwe na watu 12. Hata hivyo alimiliki watumwa, jambo ambalo wanaomsifu hulipita upesi. Aliwahi kufungwa kwa madeni, akafa mwaka 1718. Old Bailey pana kibao ukutani kinachowakumbuka yeye, Mead, na wazee wale waliolala njaa.