John Newton: Nahodha Aliyesamehewa

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuusikia wimbo wa Amazing Grace ukiimbwa kanisani au matangani. Je, wamjua aliyeutunga? Hebu nikusimulie.

John Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Mamaye mcha Mungu alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Babaye alikuwa nahodha, naye Newton akaanza safari za baharini akiwa na miaka 11. Kijana huyo alikuwa mtukutu si haba! Alipotiwa katika jeshi la wanamaji alitoroka, akashikwa, akacharazwa viboko kweli kweli. Baadaye akajikuta pwani ya Sierra Leone kwa mfanyabiashara wa watumwa, ambako hata chakula alinyimwa.

Machi 1748, akiwa njiani kurudi kwao, dhoruba kali iliipiga meli yao ikavunjika ubavu. Maji yakaingia. Hapo ndipo Newton alipomlilia Mungu amhurumie, na baadaye akaihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa kuongoka kwake.

Lakini ngoja kidogo. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mwaka wa 1750 jamaa huyu akawa nahodha wa meli ya watumwa. Juu yeye anasali, chini Waafrika wamefungwa minyororo! Aliacha kazi hiyo mwaka wa 1754, tena ni kwa sababu ya ugonjwa.

Mwaka wa 1764 akawa kasisi mjini Olney, na huko ndiko alikoutunga wimbo wake. Mwishowe, mwaka wa 1788, alichapisha kijitabu akafichua unyama wa biashara hiyo na kuungama hadharani kwamba alishiriki. Alimtia moyo pia mbunge William Wilberforce aliyekuwa akiipinga. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku Machi 1807; Newton akafariki Desemba mwaka uo huo.

Wakristo huamini kwamba msamaha wa dhambi ni neema, haununuliwi kwa matendo. Sibishi. Lakini mimi naona waliokuwa kule chini ya meli nao walikuwa na haki yao. Newton alipata msamaha siku ya dhoruba. Ukweli wao aliusema miaka 40 baadaye. Kwa hivyo, mwenzangu, ukishatubu kwa Mungu, usikawie kumwendea uliyemkosea. Huenda usimkute.